Magari ya Kifahari ya Zamani Yanayouzwa kwa Bei ya Chini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa nini gari lililotengenezwa kwa ajili ya matajiri huishia kuuzwa kwa bei ya gari dogo la kawaida?

Kwa sababu sehemu kubwa ya thamani ya gari la kifahari ni upya wake. Anayenunua Mercedes-Benz ya daraja la S au BMW ya mfululizo wa 7 ikiwa mpya hanunui usafiri pekee, bali hununua pia toleo la karibuni zaidi, na toleo jingine linapotoka, lake huwa limekwisha kupitwa. Hulitumia miaka michache, kisha huliuza, na hasara kubwa kuliko zote huibeba yeye. Mnunuzi wa pili hulishikilia hadi dhamana ya kiwanda inapokwisha. Kuanzia hapo wanunuzi hupungua kwa kasi, kwa kuwa wenye uwezo wa kulitunza hutaka jipya, na wanaolitamani huogopa bili za gereji. Woga huo ndio unaopanga bei. Ukiona gari la namna hiyo likiuzwa kwa kiasi kidogo mno, chukulia kwamba soko limekwisha kukadiria matengenezo yanayokuja na kuyatoa katika bei.

Je, bei ya gari ikishuka, gharama za kulitunza nazo hushuka?

Hazishuki, na asiyelielewa jambo hili kabla ya kununua atalielewa gereji. Kipuri hakijui kwamba gari limeuzwa mara tano. Pampu ya mafuta, kompresa ya hewa, kompyuta ya giaboksi au taa ya mbele huuzwa kwa bei inayolingana na gari lilivyokuwa likiuzwa jipya, na wakati mwingine hupanda kadiri kiwanda kinavyopunguza utengenezaji wake. Kazi ya fundi nayo huhesabiwa kwa saa, na saa hizo ni nyingi kwa sababu kila kitu kimepangwa kwa kubanana chini ya boneti.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tengenezo linalogharimu asilimia 2 ya bei ya gari jipya halimtishi mmiliki wa kwanza. Gari hilo likishuka hadi sehemu moja ya kumi ya bei yake ya awali, tengenezo lilelile ni asilimia 20 ya kile ulicholipa wewe. Matengenezo matano ya namna hiyo yanatosha kununua gari la pili kama hilo, na gari lenye umri wa miaka 20 linaweza kuyadai yote matano ndani ya mwaka mmoja, kwa kuwa vitu vya mpira na plastiki vilivyofungwa siku moja kiwandani huelekea kuchoka kwa pamoja. Ongeza kwamba mmiliki aliyekutangulia huenda aliliuza kwa sababu alikwisha kusomewa orodha ya yanayohitajika. Yale aliyoyaahirisha yeye umeyanunua wewe.

Kama mambo ni hayo, raha yake ni ipi?

Raha yake ni ya kweli, na anayeibeza kwa kawaida hajawahi kusafiri umbali mrefu ndani ya mojawapo ya magari haya. Mercedes-Benz W140, kizazi cha daraja la S kilichozinduliwa mwaka 1991, iliwekewa vioo vya milango vyenye tabaka mbili ili kuzuia kelele na ukungu, na milango yake ingeweza kujivuta yenyewe hadi kufunga kabisa baada ya kusukumwa kidogo. Lexus LS 400, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ilikuwa na injini ya V8 (ya silinda nane) ya lita 4.0 yenye utulivu kiasi kwamba gari likiwa limesimama inabidi uitazame mita ya mizunguko ili ujue kama inawaka. Utulivu huo haukutokana na kitu kimoja. Ulitokana na uzito, unene wa vyuma, sili mbilimbili za milango, mpangilio wa bushi, na wahandisi walioruhusiwa kutumia fedha mahali ambapo mnunuzi hataona.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalonivutia mimi zaidi. Katika gari la kawaida, fedha huwekwa mahali panapoonekana katika picha. Katika magari haya, hasa yale yaliyobuniwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, fedha nyingi ziliwekwa chini ya zulia, nyuma ya dashibodi na ndani ya bawaba za milango. Swichi hubonyea kwa uzito uleule baada ya miongo mitatu. Ngozi ya viti, ikiwa ilipakwa mafuta yake kwa wakati, hulainika badala ya kupasuka. Kuna pia nguvu isiyojitangaza: injini kubwa isiyo na turbo hupandisha mlima bila kubadili gia mara kwa mara, na abiria hajui kwamba kuna kazi iliyofanyika. BMW E38, kizazi cha mfululizo wa 7 kilichotengenezwa kati ya mwaka 1994 na 2001, huongeza utamu wa usukani ambao magari mengi mapya yenye usukani wa umeme hayana. Gari dogo jipya lenye bei sawa litakupa dhamana na skrini kubwa. Halitakupa hayo.

Ni mifumo gani inayoharibika kwanza?

Unaoongoza kwa sifa mbaya ni mfumo wa springi za hewa, yaani mifuko ya mpira iliyojazwa hewa badala ya springi za chuma, uliofungwa katika Mercedes-Benz W220 (daraja la S) ya mwaka 1998 kwa jina la Airmatic, katika Audi A8 ya kizazi cha pili, katika Range Rover, na katika baadhi ya matoleo ya Lexus. Uharibifu wake una mpangilio unaotabirika. Mfuko wa mpira hupata nyufa ndogo kwa sababu ya umri, na hewa huvuja polepole usiku. Asubuhi gari hukutwa limeinama pembe moja, kisha kompresa hulinyanyua, na mmiliki huamini kwamba tatizo limekwisha. Lakini kompresa hiyo iliundwa kufanya kazi kwa vipindi vifupi, nayo sasa hufanya kazi karibu wakati wote hadi inaungua, na pengine relei yake inaganda na kuimaliza betri. Hapo mfuko mmoja wa hewa umegeuka kuwa vipuri vitatu. Anayebadilisha kompresa bila kuziba uvujaji atabadilisha nyingine baada ya muda mfupi.

Mfumo wa ABC wa Mercedes-Benz, unaolisawazisha gari kwa mafuta badala ya hewa na ulioanza na CL ya mwaka 1999, ni mtihani mkubwa zaidi, kwa kuwa hutumia mafuta yenye mgandamizo wa karibu bar 200 yanayopita katika mabomba, vali na pampu ambazo hazina kipuri cha bei nafuu. Kwa bajeti ndogo, gari lenye ABC liachwe lilipo.

Baada ya springi huja mfumo wa kupoza injini. Watengenezaji walitumia plastiki katika matangi, viungo vya mabomba na pampu za maji, na plastiki hiyo hukauka kwa joto la miaka mingi hadi ikavunjika. Injini ya V8 ya BMW iitwayo N62 ina bomba la maji lililopita katikati ya safu mbili za silinda. Sili yake ikivuja, njia rasmi ya kuitengeneza hulazimu kufungua sehemu kubwa ya injini, ingawa siku hizi yapo mabomba mbadala yanayopunguza kazi hiyo. Jaguar XJ zenye V8 za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitoka kiwandani na vikaza cheni vya plastiki vinavyopasuka, na cheni ikilegea inaweza kuiua injini. Cha kufanya ni kuthibitisha kwamba vimekwisha kubadilishwa kwa vile vya chuma. Kuna V8 za Audi za lita 4.2 ambazo cheni zake zimewekwa upande wa nyuma, unaotazamana na giaboksi, hivyo kuzifikia ni kuitoa injini nje.

Umeme ni suala la peke yake. Mercedes-Benz nyingi za kati ya mwaka 1992 na 1995 zilifungwa nyaya zenye ganda lililoundwa kuoza lenyewe kwa ajili ya mazingira, na ganda hilo lilianza kuoza likiwa bado ndani ya gari. Kwa magari mengine adui ni maji: mifereji midogo ya paa la kufunguka huziba kwa vumbi na majani, maji hushuka ndani ya nguzo za bodi, na hatimaye hulowesha kompyuta zilizofichwa chini ya zulia au ndani ya buti. Kuzibua mifereji hiyo hakugharimu kitu, lakini kompyuta moja iliyolowa inaweza kulizima gari zima.

Je, inawezekana kuondoa springi za hewa na kufunga za chuma?

Inawezekana kwa magari mengi, na seti kamili za kufanyia hivyo zipo sokoni. Gari litaendeshwa bila shida, lakini ile hali ya kuelea barabarani, ambayo huenda ndiyo iliyokufanya ulinunue, itapungua, na katika baadhi ya magari taa ya onyo itaendelea kuwaka hadi kompyuta ielezwe kwamba mfumo wa hewa haupo tena. Kwa maoni yangu hili ni suluhisho la gari la kazi. Ukilitaka gari kwa ajili ya ulaini wake, tengeneza hewa kikamilifu au chagua toleo lililotoka kiwandani na springi za chuma.

Nimeambiwa kwamba mafuta ya giaboksi ya magari haya hayabadilishwi maisha yote. Ni kweli?

Ni kauli ya watengenezaji wa magari, na maisha wanayoyazungumzia si lazima yawe yale unayoyatarajia wewe. ZF, kampuni ya Ujerumani iliyotengeneza giaboksi za otomatiki za BMW, Jaguar, Audi na nyingine nyingi, yenyewe hupendekeza mafuta yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kati ya anayeuza gari na aliyeiunda giaboksi, msikilize wa pili. Tumia mafuta ya aina iliyoandikwa kwa giaboksi husika, badilisha na chujio, ambalo katika baadhi ya giaboksi limeunganishwa na sinia ya plastiki, na hakikisha kiwango kinapimwa katika joto lililoelekezwa.

Ni magari yapi yanamfaa anayeanza?

Chaguo la busara kuliko yote ni Lexus LS 400 au mrithi wake LS 430, iliyoanza mwaka 2000. Zote zina V8 imara, giaboksi zisizo na kero na vipuri vinavyopatikana kwa urahisi kiasi. Udhaifu upo. Usukani wa LS 400 huvuja mafuta kwenye pampu, na mafuta hayo hudondokea altaneta. Vilevile mkanda wa taimingi lazima ubadilishwe kwa ratiba pamoja na pampu ya maji, kwa kuwa katika injini za baadaye zenye VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa vali, mkanda ukikatika vali hugongana na pistoni. Lakini udhaifu unaojulikana na wenye dawa si wa kutisha.

Upande wa Ulaya, Mercedes-Benz W126, daraja la S lililotengenezwa kuanzia mwaka 1979 hadi 1991, na W124, ndugu yake mdogo, za injini za silinda sita zina kompyuta chache, na fundi mwenye subira anaweza kuzielewa zote. Tatizo la W126 ni kwamba zilizotunzwa vizuri zimeanza kupanda bei, na zilizobaki rahisi zina kutu. BMW E38 ya silinda nane ni ya mtu anayependa kuendesha na asiyechoka kubadilisha bushi na bolijointi.

Kwa magari ya baada ya mwaka 2000 ninashauri tahadhari zaidi, kwa sababu hapo idadi ya kompyuta iliongezeka mno. Mfano mzuri ni breki za SBC, zinazoendeshwa na kompyuta, za Mercedes-Benz W211 (daraja la E): pampu yake huhesabu matumizi, na hesabu iliyowekwa kiwandani ikifika, gari hutoa onyo na kudai pampu nyingine. Mwaka 2006 daraja la E lilirudishiwa breki za kawaida. Anayetaka W211 atafute iliyotengenezwa baada ya mabadiliko hayo.

Na zile zenye silinda kumi na mbili?

Baadhi huuzwa kwa bei nafuu kuliko ndugu zao wa silinda nane, na sababu ni ileile iliyoelezwa katika jibu la kwanza. V12 za Mercedes-Benz za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina plagi 24, na koili zake huja kama kipande kimoja kirefu kwa kila safu ya silinda, hivyo hitilafu katika silinda moja inaweza kudai kipande kizima. W12 ya lita 6.0 iliyofungwa katika Volkswagen Phaeton na Bentley Continental GT imebanwa kiasi kwamba kazi nyingi hudai injini itolewe. Bentley iliyoshuka bei bado ni Bentley mbele ya muuza vipuri. Chukua V8.

Gari lenye kilomita chache ni bora zaidi?

Si lazima. Gari la miaka 20 lililotembea kilomita 50,000 limekaa muda mwingi bila kuwashwa, na kukaa huharibu kwa namna yake: sili hukauka, breki hushika kutu, mafuta ya zamani huacha gundi katika tangi, na tairi hukomaa zikiwa bado na meno. Ningependelea lenye kilomita 200,000 na kitabu cha sevisi kinachoonyesha kwamba mmiliki alilipa kila kilichohitajika kwa wakati wake. Risiti zina uzito kuliko mita. Mita huweza kurudishwa nyuma. Kugushi risiti za miaka kumi ni kazi ngumu zaidi.

Nilikague namna gani kabla ya kulipa?

Omba lisiwashwe kabla hujafika, kwa kuwa injini iliyopashwa moto huficha mlio wa cheni na moshi wa asubuhi. Litazame kwanza limesimama: kama pembe moja iko chini, umekwisha kupata jibu la springi za hewa. Fungua swichi bila kuwasha injini, uhakikishe kwamba taa za onyo zinawaka zote, kwani wapo wanaoondoa balbu ya taa ya injini ili isisumbue biashara. Kisha washa na uliache lingurume dakika kadhaa bila kuguswa. Ukikanyaga mafuta baada ya hapo na ukaona wingu la moshi wa bluu, hasa kwa BMW zenye N62, sili za vali zimechoka na kazi yake ni kubwa.

Bonyeza kila swichi, hata zile za viti vya nyuma ambazo hudhani utazitumia. Kiyoyozi kijaribiwe kwa muda mrefu, kwa sababu katika W140, kwa mfano, kubadilisha evapoleta, kifaa kinachopoza hewa, ni kuing'oa dashibodi nzima. Liendeshe hadi lipate moto kamili, kisha lisimamishe mlimani na uondoke tena ili uisikie giaboksi. Mwisho, lisomwe na mashine ya uchunguzi inayolijua gari la aina hiyo, si ile ndogo ya jumla. Hitilafu zilizohifadhiwa ni taarifa. Kumbukumbu tupu kabisa katika gari la umri huu nayo ni taarifa, kwa kuwa huenda ilifutwa asubuhi hiyo. Muuzaji akikataa ukaguzi, mazungumzo yaishie hapo.

Fundi wangu wa kila siku anaweza kulihudumia?

Kwa oili, breki na bushi, ndiyo. Kwa springi za hewa, giaboksi na umeme, mtafute aliyekwisha kufungua magari ya aina hiyo na mwenye mashine yake ya uchunguzi. Fundi asiyelijua gari hubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine kwa kukisia, na kila kisio hulipwa na wewe. Mpate fundi huyo kabla ya kulipata gari.

Ninunue vipuri vya kiwanda, vya kampuni nyingine au vilivyotumika?

Kanuni inayofaa ni kuulizia nani alikitengeneza kipuri cha awali. Makampuni kama ZF, Lemförder, Bosch na Bilstein kwa magari ya Ulaya, na Aisin au Denso kwa ya Japani, hutengeneza vipuri kwa ajili ya viwanda vya magari, na kipuri hichohicho kikiuzwa katika boksi lenye jina la kampuni hiyo huwa na bei ya chini zaidi. Vilivyotumika vinafaa kwa milango, viti, taa na mbao za dashibodi. Usinunue mfuko wa hewa uliotumika, wala kitu chochote cha mpira, kwa kuwa umri wake unakaribiana na wa kile unachokitupa. Kwa kompyuta zilizotumika, uliza kwanza kama zinaweza kuandikwa upya, kwani nyingi hujifunga na namba ya gari zilimotoka.

Niwe na akiba kiasi gani?

Ninashauri usinunue gari hili kama huna mkononi, baada ya kulilipia, kiasi kinachokaribia nusu ya bei yake kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Mwaka huo ndio mzito, kwa kuwa unalipa madeni ya waliokutangulia: mafuta yote, mikanda, betri, tairi, bushi na chochote kilichoonekana katika ukaguzi. Ikiwa fedha yako yote inaishia katika bei ya kununulia, nunua gari la daraja la chini yake.

Matumizi ya kila siku nayo yapo. V8 ya lita 4 na zaidi katika foleni za mjini hunywa kwa urahisi lita 15 kwa kila kilomita 100, mara nyingi ya petroli yenye okteni ya juu; tairi ni pana; bima nayo inaweza kuwa juu.

Linaweza kuwa gari pekee la familia?

Linaweza, ikiwa ni LS iliyotunzwa. Kwa mengine yote, jibu ni hapana, kwa sababu tatizo kubwa halitakuwa bei ya kipuri bali siku za kukisubiri. Mwenye usafiri mwingine husubiri kipuri sahihi kwa bei sahihi. Asiye nao hununua kilichopo, kwa bei iliyopo, na hukubali kazi ya haraka.

Je, siku moja litapanda bei?

Machache sana hupanda. Mercedes-Benz 500E ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyoundwa kwa ushirikiano na Porsche, imepanda kwa sababu ilikuwa chache na ya pekee. Sedani za kifahari zilizotengenezwa kwa maelfu mengi hushuka hadi kiwango fulani na kukaa hapo, na chochote kitakachoongezeka kitamezwa na matunzo.

Ni wakati gani wa kuliachia?

Kabla ya kila tengenezo kubwa, jiulize kama ungelinunua leo gari hili katika hali litakayokuwa nayo baada ya kutengenezwa, kwa gharama ya tengenezo hilo pamoja na bei ambayo lingeuzwa likiwa bovu. Fedha ulizokwisha kutumia zisiingie katika hesabu hii, kwa kuwa hazirudi ukiliuza wala ukilibakiza. Kama jibu ni hapana, liuze likiwa bado linatembea. Toa risiti zote, mwoneshe mnunuzi taa inayowaka na umweleze kinachoiwasha. Gari la aina hii lenye kasoro zinazojulikana huuzika haraka kuliko lile linalosemwa kuwa halina kasoro.